Programu nilizobaki nazo baada ya kupoteza mahojiano ya shangazi

Shangazi alizungumza dakika 43. Jioni nilipofungua faili, nikakuta dakika 11.

Programu ya kurekodi niliyokuwa nayo ilipendeza macho, ina mawimbi ya rangi yanayocheza mtu akiongea, nami niliiamini. Skrini ilipojizima, simu iliichukulia kuwa programu isiyotumika, ikaifunga ili kuokoa betri. Hakuna onyo lililotokea. Tulipomaliza, shangazi aliniuliza, "Mwanangu, hiyo simu imenisikia kweli?" Nikamjibu, "Naam shangazi, imekusikia yote." Nilirudi kumwomba turudie, akakubali bila kinyongo. Lakini pale alipocheka hadi machozi akisimulia mshahara wake wa kwanza, safari ya pili alisema tu, "Kama nilivyokuambia."

Podikasti yangu ni ya mazungumzo na wazee kuhusu kazi walizofanya ujanani, kwa hiyo sauti iliyopotea hairudi. Tangu siku hiyo, kila programu ninayoijaribu naiuliza swali moja: kazi yangu inakaa wapi, na nikitaka kuondoka naruhusiwa kuondoka nayo?

Kwa kurekodi nimerudi kwenye kinasa sauti kilichokuja na simu. Hakina madoido, ila faili lake nalikuta kwenye folda yangu, si ndani ya akaunti ya mtu mwingine. Hata hivyo, usibonyeze kitufe chekundu kabla ya kufanya mambo mawili. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo iendelee kufanya kazi bila kizuizi. Kisha weka simu katika hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati ya mazungumzo inaweza kukata rekodi. Kama kuna chaguo la WAV, yaani faili la sauti lisilominywa, lichukue. Dakika moja ya sauti ya mono, yaani ya njia moja, kwa kilohezi 44.1 na biti 16 hula MB 5 na kidogo, kwa hiyo nusu saa huvuka MB 150. Ni mzigo, lakini unahariri sauti ambayo bado haijaminywa. Kuminya ni kazi ya mwisho: MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde huishusha nusu saa hiyo hadi MB 14 hivi, na kwa sauti ya mtu anayeongea inatosha kabisa. Msikilizaji anayehesabu bando atakushukuru.

Uhariri naufanyia Audacity, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Si mpya hata kidogo. Ilitoka mwaka 2000, kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na hadi leo ni ya bure. Haifanyi kazi kwenye simu, inataka kompyuta. Nilikuwa nimejaribu vihariri kadhaa vya simu vinavyoahidi kusafisha sauti kwa mguso mmoja, vyote vikanipa sauti kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Audacity inakutaka uifundishe kwanza kelele ni ipi. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, feni tu inazunguka, unaiambia: hii ndiyo kelele. Halafu unachagua rekodi nzima na kuiamuru iipunguze. Mimi huanza na desibeli 12. Siku moja nilipandisha mno nikitaka ukimya kamili, na sauti ya mzee wa watu ikawa kama inatoka chini ya maji. Afadhali feni isikike kidogo kwa mbali.

Kusikiliza sina mengi ya kusema: AntennaPod, kwa wenye Android. Haina matangazo, haidai akaunti, inaruka ukimya, na orodha yako yote ya podikasti unaitoa kama faili la OPML, ambalo programu nyingine za podikasti zinaweza kulisoma. Faili hilo ni dogo lakini lina maana kubwa. Google Podcasts, programu ya Google ya kusikilizia podikasti, ilipofungwa mwaka 2024, aliyechukua OPML yake alihamia kwingine na vipindi vyote alivyovifuata.

Injini za kutafuta zimenipa kazi kuliko nilivyotarajia. Nahitaji kuhakiki ninayoambiwa na wazee, majina ya viwanda, majina ya mashine, na natafuta kwa Kiswahili. Injini moja ilikuwa ikinisahihisha bila kuombwa, inageuza neno langu kuwa la Kiingereza linalofanana nalo. Dawa yake ni alama za kunukuu pande zote mbili za neno. Tatizo la pili linatoka kwenye lugha yetu yenyewe. Fundi anayeshona, waliokuwa wakishona, kilichoshonwa: kwetu zote ni kazi moja, lakini kwenye kisanduku cha kutafuta mara nyingi yametoka kama maneno matatu yasiyojuana. Sasa natafuta kwa nomino, "ushonaji" au "cherehani", na napata zaidi. Jambo jingine nililojifunza: DuckDuckGo huchota matokeo yake mengi kutoka Bing, injini ya Microsoft, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine umebadilisha mlango, nyumba ni ileile. Brave Search, iliyoanza mwaka 2021, ina faharasa yake yenyewe, yaani orodha ya kurasa iliyojikusanyia, na mara mbili imenipa kurasa za Kiswahili ambazo kwingine sikuziona. Natumia zote mbili, DuckDuckGo kwanza, Brave nikikwama.

Nilipokata tamaa ni kwenye kugeuza sauti kuwa maandishi. Nimejaribu programu tatu. Kiingereza zinakiandika vizuri, lakini zikifika kwetu zinakata neno katikati na kuunganisha yasiyohusiana. Shangazi alisema "nilipomuuliza yule bosi", programu ikaandika "nilipomliza". Herufi chache tu, na mama wa watu amegeuka kuwa mtu aliyemtoa bosi machozi. Kwa mahojiano ya mtu aliyeniamini na maisha yake, siwezi kuchapisha hivyo. Bado nanukuu kwa mkono, dakika kumi za sauti zikinichukua karibu saa nzima.

Mashine hizi hujifunza kutokana na sauti zinazopewa, kwa hiyo nimeanza kujitolea yangu kwenye Common Voice, mradi wa Mozilla ulioanza mwaka 2017, ambamo Kiswahili kimo. Unasomewa? Hapana, unasoma wewe: sentensi tano kwa mkupuo, na wengine wanasikiliza kuthibitisha kama umesoma sawasawa. Mimi husoma usiku kabla ya kulala, na ningependa kusikia humo lafudhi nyingi zaidi kuliko yangu.

Wiki iliyopita nilirekodi tena na shangazi. Kila tukianza huwa namwomba anyamaze sekunde kumi, nipate kelele ya chumba kwa ajili ya Audacity. Safari hii sikumwambia. Nilipoweka simu mezani alikunja mikono, akanyamaza mwenyewe, akawa ananitazama akisubiri nimalize kuhesabu.