Kompaila ya GCC 15 kwa watunza draiva: C11 imekaa vizuri, C23 ina mitego

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilishikilia lugha ya C ya kiwango cha 1989 hadi Mei 2022, toleo 5.18 lilipohamia C11 (kiwango cha 2011) kwa -std=gnu11, agizo linaloiambia kompaila kiwango cha kufuata. Kwa wanaotunza draiva za nje ya kerneli hapa Kampala, hatua hiyo ni faida tupu.

Faida kubwa imo kwenye vitanzi. Zamani kigeu kilitangazwa juu ya fankshoni, kikaendelea kuishi hata kitanzi kikiisha. Kwenye list_for_each_entry, makro ya kerneli ya kupitia orodha, hiyo ni hatari. Orodha ikifika mwisho bila break (amri ya kutoka kitanzini), pointa, yaani kigeu kinachoshika anwani, haiwi NULL (tupu). Inabaki na anwani iliyokokotolewa kutoka kichwa cha orodha, mahali ambapo hakuna kipengele chochote. Kompaila inanyamaza, draiva inaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Dawa: tangaza pointa ya pili yenye NULL, ijaze ndani ya kitanzi kabla ya break, kisha baada ya hapo angalia hiyo tu. Vitanzi vya kawaida viandike for (int i = 0; i < n; i++); atakayegusa i huko nje atazuiwa na kompaila. Vigeu vingine viendelee kukaa mwanzo wa bloku, ndiyo desturi.

GCC 15 yenyewe ni nzuri, ila isipoambiwa kiwango inachukua C23, kiwango kipya zaidi cha C, ambamo bool, true na false ni maneno ya lugha. Kerneli za zamani zina enum (orodha ya majina ya thamani) inayotangaza upya false na true ndani ya include/linux/stddef.h. Sehemu kubwa ya kerneli hizo inapita salama kwa sababu ina -std=gnu11, lakini arch/x86/boot/compressed hujitengenezea KBUILD_CFLAGS (maagizo ya kompaila) zake zisizo na -std hiyo, na ujenzi unakwama hapo hapo. Tumia tawi la stable (la matoleo yanayopokea marekebisho tu) lililokwisha kurekebishwa, au andika make CC="gcc-15 -std=gnu11". Chunga pia fankshoni yenye mabano matupu, kama int anza(). Kwa C23 maana yake haipokei kitu, kwa hiyo anza(5) ni kosa.

Mwenye Ubuntu 22.04 asiharakishe. GCC 11 iliyomo inatosha: kerneli 6.16 inadai GCC 8.1 tu, na moduli (draiva inayopachikwa kwenye kerneli) ni vema ijengwe kwa kompaila ile ile iliyojenga kerneli. Ukihitaji chanzo cha kerneli, git clone --depth 1, inayopakua toleo la mwisho tu bila historia, itakuokolea bando.