Miezi minne na seti ya eabrashi na kompresa yenye tangi la lita 3, Tanga

Tangu mwezi Januari nimekuwa nikitumia seti ya eabrashi, yaani kile kifaa mfano wa kalamu kinachopulizia rangi kwa nguvu ya hewa, pamoja na kompresa yake, yaani mashine ya kubana hewa, kupaka rangi modeli za ndege nyumbani Chumbageni. Niliiagiza kutoka duka moja la Kariakoo, ikaletwa Tanga kwa basi kama kifurushi, na gharama yote ilifika takriban shilingi 400,000. Haina jina kubwa. Ni ya aina ile inayouzwa kwa majina mengi huku vyombo vyenyewe vikifanana. Niliipima kwa modeli ya ndege ya kivita F-4 Phantom ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, yenye mabaka ya Jeshi la Anga la Marekani ya wakati wa vita vya Vietnam, kwa kuwa mabaka yenye kingo laini hufichua haraka ubora wa eabrashi na hewa inayoiendesha.

Ugumu wenyewe umo katika kipimo. Phantom halisi ina urefu wa mita 19 na ushei, na modeli yake haifiki sentimita 27. Tuseme ukingo unaotenganisha kijani na kahawia kwenye ndege halisi una ukungu wa rangi wenye upana wa sentimita 5; kwenye modeli upana huo unakuwa chini ya milimita 1. Fundi akiacha ukungu wa milimita 4, ni sawa na kuyaambia macho yetu kwamba rangi za ndege halisi zilichanganyikana kwa karibu sentimita 29, na hapo ndege hugeuka kichezeo hata kama imeunganishwa kwa ustadi.

Rangi zinazohitajika ni nne, na zinatambulishwa kwa namba za kiwango cha serikali ya Marekani: kahawia hafifu 30219, kijani cha kati 34102, kijani kilichoiva 34079, na kijivu cheupe 36622 cha tumboni. Namba hizo zina mantiki yake: tarakimu ya kwanza, 3, humaanisha rangi isiyong'aa, na ya pili hutaja kundi la rangi, 0 ikiwa kahawia, 4 kijani na 6 kijivu. Mimi huanza na kijivu cha tumboni, nakifunika kwa tepu ya karatasi, kisha napuliza kahawia mgongo mzima, halafu kijani cha kati, na mwisho kijani kilichoiva, kwa sababu rangi nzito husamehe kosa la rangi hafifu iliyo chini yake.

Eabrashi yenyewe imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kitufe chake hufanya kazi mbili: ukikibonyeza hewa hutoka, na ukikivuta nyuma sindano hurudi na kuachilia rangi, hivyo kidole kimoja hutawala vyote viwili. Ilikuja na sindano na nozeli, yaani ncha zenye tundu la kutolea rangi, za milimita 0.2, 0.3 na 0.5. Ya 0.5 inafaa kwa praima, yaani rangi ya msingi, na vanishi ya juu. Mabaka yote niliyafanya kwa 0.3. Niliizimua rangi ya akriliki kwa tina yake, yaani kimiminika cha kuipunguza uzito, sehemu moja ya rangi kwa mbili za tina, nikashusha shinikizo hadi karibu bar 1, nikashika ncha umbali wa sentimita 2 hivi kutoka kwenye bawa. Skrubu ya nyuma, inayoizuia sindano isirudi kupita kiasi, ndiyo iliyonipa amani ya moyo, maana mkono ukitetemeka rangi haimwagiki. Nilichora kwanza mzingo wa kila baka kwa mstari mwembamba, kisha nikajaza ndani, na kingo zangu bora zilikuwa na upana usiozidi milimita 1.

Joto la msimu wa kaskazi lilileta usumbufu mdogo. Akriliki hukauka kwenye ncha ya sindano, mstari ukaanza kukatikakatika, na dawa yake ni kufuta ncha kwa pamba yenye tina kila baada ya dakika chache.

Kasoro ya kweli ya seti hii ilijitokeza masika ilipoanza, na ni jambo la maji. Kompresa inapoibana hewa huipasha joto; hewa hiyo ikipoa, unyevu wake hugeuka matone. Kwa mji uliokaa ufukweni kama Tanga, unyevu huo si wa kupuuzwa. Kichuja maji cha seti kimefungwa kwenye kompresa yenyewe, mahali ambapo hewa bado ina joto, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuke hukipita na kugeuka maji ndani ya mpira wa hewa, baada ya kichuja. Nilikuwa nimebakiza bawa la kushoto eabrashi ilipotema tone la maji katikati ya kijani kilichoiva, likaacha doa mviringo lenye kahawia katikati. Nililazimika kusubiri likauke, nilisugue kwa msasa laini, na kurudia rangi tatu mahali pamoja. Nilisikitika sana, kwa kuwa bawa lile lilikuwa limetoka vizuri kuliko lenzake.

Nilikwenda Ngamiani kumuuliza fundi anayepiga rangi magari, mzee ninayemheshimu kama mjomba. Nilipomwamkia na kumweleza, alinijibu, “Hewa ya hapa ina maji, mwanangu. Usipoyatoa wewe, yatatokea kwenye rangi.” Kwa ushauri wake, sasa nalegeza skrubu ya chini ya tangi na kutoa maji kabla na baada ya kazi, na nimeongeza kichuja kidogo cha pili karibu kabisa na mkono, mahali ambapo hewa imeshapoa. Tangu hapo sijapata doa jingine, hata siku za mvua. Naamini kichuja hicho kilipaswa kuwemo ndani ya boksi.

Tangi la lita 3 ni sababu tosha ya kuchagua kompresa hii badala ya ndogo zisizo na tangi, kwa kuwa hewa hutoka bila kudundadunda na mstari haupigi mawimbi. Injini hujizima shinikizo likifika bar 4 na kuwaka tena likishuka hadi bar 3, na mlio wake hauwaamshi watoto chumba cha pili. Umeme ukikatika, hewa iliyobaki hutosha kwa kupuliza kwa muda usiofika dakika moja; mimi huitumia kumalizia ukingo nilioushika, kisha naosha sindano papo hapo.

Wanaonunua wajihadhari na mambo mawili. Nozeli ni ndogo mno na uzi wake hukatika ukikazwa kwa nguvu, basi waagize ya akiba pamoja na seti. Tena mipira ya kuziba iliyomo hailiki kwa akriliki, lakini wangu ulivimba nilipousafisha kwa tina kali ya rangi za magari, na hewa ikaanza kuvuja kwenye kikombe.

Phantom yangu imeshapata vanishi inayong'aa, ambayo huzuia hewa isinaswe chini ya stika, na nyota na namba zake zimekaa bila weupe pembezoni. Imebaki vanishi isiyong'aa, na hiyo naisubirisha hadi ipatikane siku kavu.