Indrans: mwili ule ule, mtu mwingine kabisa

Wadau, leo uchambuzi wa simu na spika ukae kando. Nachambua mwigizaji: Indrans wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, sinema za Kimalayalam, lugha ya huko. Kwamba alikuwa fundi cherehani, na jina lenyewe ni la duka lake la ushonaji, hayo mnayajua.

Kinachoniudhi ni miaka ya 1990. Jamaa kila filamu anachekwa kwa wembamba, mpaka wakambandika jina la waya wa mwavuli! Kipaji chote kile, kazi yake kukimbizwa na kupigwa vibao.

Sasa fungueni filamu ya Home ya 2021, ipo Prime Video, huduma ya kulipia ya filamu mtandaoni. Ni ndefu, inapita saa mbili na nusu, vumilieni. Anaigiza baba aitwaye Oliver Twist, anayejifunza simu janja ili wanawe wamjali. Kwanza chagua sauti ya Kimalayalam na maandishi chini. Ukiweka sauti za kuingiza za lugha nyingine umempoteza, maana sauti yake nyembamba ni nusu ya kazi. Halafu tafuta sehemu yoyote aliyo na mwanawe mkubwa, Antony, uzime sauti kabisa. Angalia mabega tu. Yameshuka, shingo imetangulia, kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Halii, hafoki, na bado unajua kaumia wapi. Rudisha nyuma, tazama tena.

Umemaliza? Weka filamu ya Anjaam Pathiraa ya 2020, pale gerezani. Hapo ni Ripper Ravi, muuaji. Mwili ule ule mwembamba, dakika chache tu, anaongea taratibu, na unaogopa. Hajaongeza misuli wala hajapandisha sauti.

Mtasema Suraj Venjaramoodu na Salim Kumar, waigizaji wenzake wa Kerala, nao walitoka kwenye vichekesho wakabeba tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Kweli, na Salim Kumar kwenye filamu ya Adaminte Makan Abu simpingi mtu. Lakini kwa kubadilika, mimi nabaki na Indrans. Tuzo ya jimbo la Kerala ya mwigizaji bora aliipata 2018 kwa Aalorukkam, ile filamu ya mzee wa Ottan Thullal, ngoma ya jadi ya Kerala, anayemtafuta mwanawe. Kwenye tuzo za taifa wakaja kumpa kutajwa maalum tu, si tuzo yenyewe, 2023, kwa Home. Kutajwa tu, jamani! Hapo nina kinyongo.

Usilipie mwezi mzima kwa filamu moja. Panga Home na nyingine mbili tatu wiki moja. Uchambuzi ujao ni filamu ya Udal, anaigiza mzee wa kutisha kwelikweli. Ukiitafuta kabla yangu, watoto wasiwepo sebuleni.