Mtaro wa mita 41 hadi karakana ya uani: niliowalipa, nilichonunua, na pale nilipopunjwa

Karakana yangu ya useremala iko nyuma ya nyumba, hapa Buswelu, Mwanza. Kwa miaka mitatu ilipata umeme kwa waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba, unene wa shaba yake) uliotoka soketi ya jikoni, ukapita juu ya mwembe, ukatua kwenye bati. Najua. Kila mtu aliyefika alinisema, na kila aliyenisema nilimjibu kwamba ni ya muda tu.

Msumeno wangu wa meza una mota ya hozipawa 2. Nikiuwasha, ulikuwa unanguruma kwanza kama ng'ombe mwenye kifua, sekunde tatu nne, ndipo uzunguke. Ndani ya nyumba taa zinafifia, na sauti ya mke wangu inatoka dirishani: "Baba Neema, televisheni!" Kapasita ya mota nilibadilisha mara mbili ndani ya mwaka. Mara ya tatu niliona sasa ninalisha duka la vipuri, nikatafuta fundi wa umeme wa kweli.

Huyu fundi nilielekezwa na jirani, na ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, niliiona kwa macho yangu. Kilichonifanya nimpe kazi ni kwamba hakuanza na bei. Alitoa multimita, akapima nyumbani: volti 228. Akaja karakana, akaniambia niwashe msumeno. Ukiwa umeshachanganya, ilisoma 219. Akasema zima, washa tena, nikamwona akitazama namba zinavyoporomoka hadi 180 na kitu pale mota inapoanza kusukuma, kisha zinapanda polepole.

"Mzee, mota yako haina ugonjwa," akasema. "Umeme ndio unafika umechoka."

Akanipigia hesabu kwenye kipande cha mbao, kwa penseli yangu mwenyewe. Kwa umbali wa mita 45 na mzigo wa ampea 25, waya wa 2.5 unakula karibu volti 20 njiani. Wa 6 unakula kama volti 8. Wa 10 unakula kama 5. Na hiyo ni mashine ikiwa imetulia, maana mota ikianza huvuta mara tano au zaidi ya umeme wake wa kawaida, na upotevu nao unapanda kwa kiasi hichohicho. Alinishauri wa 6, akasema unatosha kwa vitabu. Nilichukua wa 10 kwa sababu nataka kuongeza kompresa ya rangi, na sitaki kuchimba uani kwangu mara mbili. Ile mbao bado ninayo, nimekataa kuitumia.

Juu hatukutaka tena. Mwembe hutingishika, mwaka juzi tawi liliangukia ule waya, na Neema alikuwa anacheza chini yake nusu saa kabla. Kwa hiyo ni chini ya ardhi, na kwa kebo ya ardhini, ile ambayo ndani ina nyaya tatu za shaba na nje imezungushiwa nyuzi za chuma kabla ya ganda jeusi. Mafundi wanaiita amadi. Ule waya bapa mweupe wa kwenye kuta usithubutu kuuzika, hata ndani ya bomba.

Sasa nije kwa wachimbaji, maana hao ndio sababu ya kuandika haya yote.

Walikuja wawili, mzee na kijana wake, saa 12 na nusu asubuhi, sululu mbili, chepe moja na mtaimbo. "Mwangaluka!" wakanisalimu kwa Kisukuma. Tukapatana shilingi 3,500 kwa mita, kina sentimita 60, upana wa chepe. Kuna kijana mwingine alikuwa ametaka 2,000, ila nilipomuuliza kina akaonyesha goti lake. Goti si kipimo.

Yeyote anayeijua Mwanza anajua tatizo liko wapi. Juu unaona udongo wa kichanga mzuri, chini hujui kimelala nini. Mita 16 za kwanza zilikwenda kama uji. Kwenye ya 17 mtaimbo ukalia. Mzee akasimama, akaugonga tena pembeni kidogo, akainamisha kichwa kama daktari aliyeweka kipimo kifuani. Akagonga mara nne, sehemu nne. Akaniita.

"Bosi, sikiliza. Jiwe likiwa jiwe, linalia *ko*, na mkono unasikia limetikisika. Hili linalia *ngiii*. Huu ni mwamba, umetoka huko mlimani kwako."

Nikamuuliza tufanyeje. Akasema njia mbili. Ya kwanza, tuwashe moto juu yake usiku kucha, asubuhi tumwage maji, upasuke, tumalizie kwa nyundo, kama wanavyofanya wapasua kokoto. Ya pili, tuzunguke. Kijana wake alitaka moto, nilimwona macho yanavyong'aa. Mzee akasema moto mimi ndiye nitakayeulipia kuni, na mwamba huu hatujui unaishia wapi. Tukazunguka. Mtaro ulikuwa uwe mita 38, ukawa 41, na mahali pa kukunja akapachimba kwa kona pana ya duara bila kuambiwa, kwa sababu alishawahi kuona fundi akigombana na kona ya mraba. Kebo hiyo haikunjwi kama kamba ya mbuzi.

Jambo ambalo ni kosa langu, na nalisema ili mtu asiwalaumu: bomba la maji. Linatoka kwenye mita ya maji getini hadi jikoni, na mtaro ulikuwa unalikata katikati. Nilijua lipo. Sikuwaambia. Saa 4 asubuhi sululu ikaingia, maji yakaruka hadi kwenye kanga zilizoanikwa. Mzee akakimbilia koki ya getini bila kuniuliza iko wapi, maana asubuhi alikuwa ameshaitazama. Kiungo na gundi, shilingi elfu 4, na mke wangu hakuongea nami hadi magharibi. Kabla hujaita mchimbaji, tembea uani na chokaa, chora kila bomba na shimo la choo unalolijua. Mimi nilichora njia ya umeme tu.

Siku ya pili nilimkamata kijana. Nilikuwa nimekata kijiti cha sentimita 60, nikakipaka rangi nyekundu juu, kazi yangu ikawa kupita nakitumbukiza kila baada ya hatua mbili. Upande wa karakana, ambako mzee alikuwa hayupo, kijiti kikatokeza. Nikapima: 42. Nilitegemea kelele. Mzee alipokuja akakitazama kijiti, akamtazama mwanawe, akasema, "Kijiti hakina undugu," akaingia mtaroni mwenyewe. Hakuniomba hata senti ya nyongeza. Kwa hilo peke yake ningemwita tena kesho.

Kwenye kinjia linapopita gari la mbao tulichimba sentimita 75 na kulaza bomba la plastiki la inchi 2, kebo ipite ndani yake. Fundi alinishauri niweke na la pili tupu pembeni, lenye kamba ndani, kwa siku ya intaneti au kamera. Elfu chache tu. Kamba imekaa humo inasubiri.

Kebo niliinunua baada ya mtaro kwisha, na hapo nilibahatika kuliko nilivyokuwa na akili. Mita 41, ongeza kupanda ukutani pande zote mbili na akiba kidogo, nikaagiza 45. Duka, silitaji, liko mjini na lina wateja wengi. Shilingi 24,000 kwa mita. Wakakata, wakakunja, nikalipa, nikapakia kwenye bajaji.

Nyumbani fundi akaikagua kabla ya kuifungua. Kwenye ganda la kebo ya aina hii kumepigwa chapa: ukubwa wa waya, volti zake, na namba ya mita, inayoongezeka moja kila mita. Mwanzo ilisomeka 218. Mwisho 261. Toa mwenyewe. Nilikuwa nimelipia mita 2 ambazo zilibaki dukani, shilingi 48,000, na mbaya zaidi kebo isingefika.

Nikarudi nayo. Kijana wa kaunta akasema mashine ya kupimia ni ya zamani. Nikamwambia namba zimeandikwa kiwandani, si na mashine yake. Akatoa suluhisho: anipe mita 2, fundi wangu aunge. Kiungo ndani ya udongo, kwenye kebo mpya, ili kuficha kosa lake! Ilichukua saa moja na nusu na meneja kutoka nyuma hadi wakanikatia kipande kingine, safari hii tukihesabu namba pamoja kwa sauti, mimi na yeye, kama watoto wa chekechea. Nilipata 45 kamili. Kebo yenyewe ni nzuri, shaba nene, chapa safi, sina neno. Duka silirudii.

Kulaza kulichukua nusu siku. Mchanga uliochekechwa, sentimita 10 chini, kebo, mchanga mwingine 10 juu. Juu ya mchanga tukapanga tofali za kuchoma zilizobaki nilipojenga jiko. Kabla ya kufukia, fundi akaipima kebo kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kuona kama ganda la nyaya lina jeraha. Ilipita. Wengi wanafukia kwanza na kupima baadaye, sasa ikikataa unafukua mita 41. Udongo ukarudi hadi nusu, tukatandaza utepe wa njano wa hatari, kisha tukamalizia. Atakayechimba hapo miaka 10 ijayo ataukuta utepe kabla ya tofali.

Upande wa ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, fundi alikuwa mkali. Zile nyuzi za chuma za kebo lazima zifungwe kwenye ethi, si kukatwa na kuachwa zinaning'inia kama ndevu. Karakana ikapata fimbo yake ya shaba pia, lakini udongo wetu wa mawe ni mkavu, ethi haikamati vizuri, hivyo wakachimba shimo, wakajaza mkaa na chumvi kuizunguka fimbo, na ameniambia kiangazi niwe nalimwagia maji. Karakana ina kisanduku chake cha breka sasa, ikiwemo ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Breka za mashine aliweka aina ya C, zinazovumilia ule mshituko wa mota kuwaka. Ufundi wote, 250,000. Kwa bei hiyo alikuja siku nne na simu zangu alizipokea zote, ila siku ya tatu alichelewa hadi saa 8 mchana, na vibarua walikaa bure chini ya mwembe. Chai yao ilinihusu.

Tulipowasha, alinipa multimita nishike mwenyewe. Msumeno ukizunguka: 226. Wakati wa kuwaka, namba zilishuka kidogo chini ya 220 zikarudi kabla sijazisoma vizuri. Kule kunguruma hakupo. Nilizima na kuwasha mara sita, bila kukata hata ubao mmoja, hadi fundi akauliza kama niko sawa.

Angalizo la LUKU, umeme wa kulipia kabla: kama uko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mashine hizi zitakutoa humo. Weka hiyo kwenye hesabu ya bei za samani zako.

Wachimbaji nawapa nyota tano, fundi nne. Mtaro wenyewe nilitaka kuupa tatu, kwa sababu baada ya masika udongo umetitia, kuna mfereji mwembamba kutoka jikoni hadi karakana. Nilimpigia mzee simu kulalamika. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza lile tuta aliloliacha juu liko wapi. Tuta nililisawazisha wiki ileile, baada ya mke wangu kusema hawezi kuamka kila siku akitazama kaburi refu namna ile.

Sasa mke wangu kajaza udongo wa mboji kwenye mfereji na kupanda matembele, maana ndiyo sehemu pekee ya uani ambayo haina mawe. Nimemwomba apalilie kwa mikono.