Uzoefu wangu: kupima stenilesi kwa spektromita ya cheche mjini Kisumu

Ninaendesha karakana ya kulehemu karibu na soko la Kibuye, na kazi yetu kubwa ni matangi ya maziwa ya vyama vya ushirika vya Nandi na Vihiga. Mwaka jana tangi moja lilirudishwa likiwa na vidoa vya kutu ndani, kandokando ya mishono, ilhali mabamba yake niliuziwa kama daraja la 304, aina ya stenilesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) isiyovutwi na sumaku, na kweli sumaku haikuyashika. Iliniuma sana, kwa sababu maziwa ni chakula cha watoto.

Mabaki niliyapeleka kwenye maabara moja ya hapa mjini. Mhudumu alilisugua bamba kwa grainda mpaka likang'aa, akalilaza juu ya tundu la mashine, kisha gesi ya agoni ikafukuza hewa, kwa maana hewa humeza mwanga wa kaboni kabla haujasomwa. Cheche ya umeme ilipopiga, chembe za chuma ziligeuka mvuke unaowaka, na kwa kuwa kila elementi hutoa mwanga wenye mistari yake yenyewe, mashine iliutawanya mwanga huo na kuhesabu kila kilichomo. Haikufika dakika moja. Bambani palibaki doa jeusi la mviringo, dogo kama punje ya mahindi.

Kromi asilimia 16.4, nikeli 4.1, manganisi 6.7. Daraja la 304 huwa na kromi ya takriban 18 na nikeli isiyopungua 8, kwa hiyo nilichouziwa kilikuwa daraja la 201, ambalo sehemu ya nikeli, iliyo ghali, imeondolewa na nafasi yake kujazwa manganisi. Nayo kwa kawaida haivutwi na sumaku, hivyo kipimo nilichokitegemea miaka yote hakingeweza kuyatenganisha madaraja hayo mawili.

Lalamiko langu ni moja. Kipande cha pili kilikuwa kimepinda kidogo, kikaacha mwanya juu ya tundu, doa likatoka jeupe badala ya jeusi, na bado nilipewa majibu yaliyochapishwa ya cheche moja tu. Nilipoomba kinyooshwe na kirudiwe, nikeli ilipanda kutoka 6 hadi 8.2. Mteja asiyejua kulitazama doa angeondoka na karatasi ya uongo, kwa hiyo dai cheche tatu, na uombe uoneshwe sampuli ya kulinganishia, ambayo viwango vyake vinajulikana, ikipimwa kwanza.

Nimewahi pia kupimiwa kwa bunduki ya eksirei, kifaa cha kushika mkononi, huko Nakuru. Ni nyepesi na haiachi alama, lakini haisomi kaboni, na kwetu waunganishaji kaboni ni jambo zito: ikizidi, joto la kulehemu huifanya inase kromi kando ya mshono, na kutu huanzia papo hapo. Mashine ya cheche huonyesha kama kaboni iko chini ya asilimia 0.03, yaani 304L, ambayo ndiyo ninayoitaka kwa matangi.

Ada ya kipimo ilikuwa ndogo kuliko bei ya nusu bamba. Tangi lile nililijenga upya kwa gharama yangu, na siku hizi simalizi kulipa shehena yoyote kabla kipande chake hakijapigwa cheche.