Paa la nyumba na p'aa wa mwituni: tupime sauti au sikio?

Kwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, paa la nyumba na p'aa wa mwituni hutenganishwa na pumzi tu, yaani hewa inayotoka kwa nguvu baada ya p, inayoonyeshwa hapa kwa alama ya p'. Je, vijana wa Lamu bado wanayatenganisha maneno haya? Kuna njia mbili za kuchunguza.

Ya kwanza ni kurekodi. Msemaji hutamka maneno ndani ya sentensi isiyobadilika, kisha programu ya Praat, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, huonyesha muda kati ya midomo kufunguka na nyuzi za sauti kuanza kutetema. Wanaisimu Lisker na Abramson walikieleza kipimo hiki mwaka 1964. Bila pumzi muda huo ni mfupi, aghalabu chini ya milisekunde 30. Penye pumzi hurefuka. Ila rekodini chumbani, kwani mlio wa punda au injini ya boti huharibu kazi.

Ya pili ni kusikilizisha: mtu husikia neno pweke, akachagua picha ya paa au ya mnyama.

Mimi naiamini zaidi hii ya pili. Mashine yaweza kuona tofauti ambayo hakuna sikio linaloitumia. Lakini tumieni picha, si maandishi, maana tahajia yetu ya kawaida haiandiki pumzi.