Viatu vimerudi, deni limebaki: uzoefu wangu wa kuuza mtandaoni

Nyota moja kwa mtandao ninaouzia viatu. Na hiyo moja si yao, ni ya kijana wa pikipiki anayekuja kuchukua mizigo, maana yeye husalimia kabla ya kuuliza mzigo uko wapi.

Nauza makubadhi Mombasa. Mtandao wenyewe siutaji, aliyewahi kuuza huko ataujua tu kwa makato. Na kukatwa si tatizo. Hata Marikiti hakuna anayepanga vitunguu bila ushuru. Lakini pale mtoza ushuru anasimama mbele yako, anakwambia kiasi, anakupa risiti. Huku unaletewa taarifa ya malipo yenye mistari kumi na kitu, kila mstari una jina la kiofisi, halafu chini kabisa ndiyo unaona kilichobaki.

Tuchukue pea moja tu, ile iliyonitia wazimu mwaka jana msimu wa punguzo la Novemba. Bei yangu ni shilingi 1,800. Wao wakanihimiza niingie kwenye punguzo la asilimia 20, duka litaonekana juu, wateja watamiminika. Nikaingia. Pea ikauzwa 1,440. Kamisheni ya viatu kwao ni asilimia 15, kwa hiyo nilitarajia 216. Wakakata 270. Yaani walikokotoa kwenye 1,800, pesa ambayo hakuna mtu duniani aliyeilipa! Juu ya hiyo 270 ikaja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, shilingi 43.20. Halafu "mchango wa usafirishaji", 150. Mkononi ingebaki 976.80. Ngozi, soli, fundi na boksi vinanigharimu 900. Faida yangu, basi, ingekuwa shilingi 76.80 kwa pea nzima, mguu wa kulia na wa kushoto.

Hiyo VAT nayo haielezwi popote wanapokushawishi ufungue duka. Ni halali, sibishi: wanakuuzia huduma, na huduma ina kodi. Ila kampuni iliyosajiliwa VAT hudai irudishiwe inapofanya hesabu zake na mamlaka ya kodi. Sisi wadogo, ambao mauzo yetu ya mwaka hayafiki milioni 5, wengi hatujasajiliwa. Kwetu ikishakatwa imekwenda. Kwa hiyo mtu akikwambia kamisheni ni asilimia 15, wewe andika 17.4.

Sasa sikiliza. Mteja wa pea hiyo alikuwa Kisumu, malipo wakati wa kupokea. Mzigo ukafika mlangoni, akasema amebadili nia. Hakufungua hata boksi. Viatu vikarudi Mombasa, boksi limepasuka pembeni, na kwenye taarifa ya wiki iliyofuata kamisheni wamerudisha, ahsante, ila ule mchango wa 150 haukurudi, na pameongezwa ada ya kurejesha mzigo, 200 na VAT yake, 232. Sijauza kitu na nimetolewa 382.

Nikapiga simu dawati la wauzaji. Baada ya muziki mrefu akapokea bwana mmoja. Nikamwambia, mwanangu, hebu nieleze hii 382. Hakuuliza jina la duka, hakuuliza namba ya oda. Akasema, "Madam, kwani wewe hukusoma masharti?" Nikamwambia nimeyasoma, yamesema ada "inaweza kutozwa", hayakusema ni ngapi wala ni nani anayelipa mteja akikataa mlangoni. Akacheka. Wallahi alicheka. Akasema, "Basi ongeza bei," kisha simu ikakatika, na mimi naamini ilikatwa.

Labda alikuwa amechoka. Anasikia wauzaji wenye hasira toka asubuhi. Lakini mtu aliyekata shilingi zangu ndiye anicheke?

Binti ya dada yangu yuko Uingereza, anauza shanga kwenye Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono. Huko nako wanakata, tena si haba: senti 20 za dola kuweka bidhaa moja kwa miezi minne, kisha asilimia 6.5 ya mauzo, hata nauli ya mzigo inahesabiwa humo. Ilikuwa asilimia 5 hadi Aprili 2022, na ilipopandishwa maelfu ya wauzaji walisimamisha maduka yao wiki nzima. Hawakushinda. Ila walijua wanagomea namba gani! Sisi huku tungegomea mstari upi?

Nitasema na la haki. Malipo huingia M-Pesa kila wiki, hawajawahi kuchelewa. Na kuna watu wa Kitale na Garissa wanaovaa makubadhi yangu ambao nisingewapata nikikaa dukani hadi nizeeke. Kwa hilo wanastahili nyota tatu. Nilikuwa nimeshaziandika tatu, kweli, nikarudi kuangalia taarifa ya wiki hii nipate mfano mzuri wa kuwasifu, nikaona mstari mpya: "marekebisho, 35". Marekebisho ya nini? Wiki hii sikuwa na oda iliyorudi.

Nyota moja, kama nilivyosema. Bei yangu kule sasa ni 2,300 na punguzo lao siingii tena. Mteja wa Mombasa aje dukani achukue kwa 1,800 na achague rangi kwa macho yake. Na kama kuna muuzaji humu anayejua hiyo 35 ni ya nini, anijibu hapa chini. Yule bwana simpigii.